UZI WA MALALAMIKO: Santuri mpya ya Arctic Monkeys, pauni 27, tundu limekaa kombo na duka linaniambia "ndiyo raha ya santuri"

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo wiki tatu. Leo naimwaga hapa, atakayechoka kusoma apite.

Wanaonijua humu wanajua mimi na Favourite Worst Nightmare. Albamu ya pili ya Arctic Monkeys, wale vijana wa bendi ya roki ya Sheffield, Aprili 2007. Najua wengi wenu mtasema ya kwanza ndiyo baba lao, ile ya Januari 2006 iliyovunja rekodi ya Uingereza ya mauzo ya wiki ya kwanza kwa albamu ya kwanza ya bendi. Nabisha. Baada ya mafanikio yale wangeweza kuturudishia wali uleule wakabadilisha sahani tu, na tungenunua. Badala yake, mwaka na miezi mitatu tu baadaye, na mpiga besi mpya, Nick O'Malley, wakaja na kitu kizito na cha kasi. Sikiliza Matt Helders anavyozitwanga ngoma kwenye Brianstorm halafu uje tubishane.

Nimeisikiliza kwa simu miaka nenda rudi, kwenye basi la alfajiri nikitoka zamu ya usiku hapa Leeds. Mwaka huu nikasema basi, nimenunua mashine ya santuri, ya kwanza kuingia ndani iwe hii. Nikaagiza mpya kabisa, iko ndani ya nailoni, kutoka duka moja la mtandaoni la hapahapa Uingereza. Pauni 27 na nauli juu.

Upande wa kwanza ukaanza vizuri. Brianstorm, Teddy Picker, Balaclava, kelele tupu, mimi natabasamu peke yangu kama mwehu. Kufika wimbo wa sita, Only Ones Who Know, ule wa taratibu usio na ngoma, nikasikia gitaa linayumba. Sauti inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, kama mlevi anapanda ngazi. Nikadhani masikio yamechoka na zamu. Nikageuza upande wa pili, nikasubiri 505, wimbo wa mwisho.

Wakuu, 505 ndiyo sababu ya mimi kununua hii kitu. Unaanza na kinanda peke yake, sauti ndefu zilizochotwa kwenye muziki wa Ennio Morricone wa filamu za kikauboi, halafu unajaa polepole mpaka gitaa la mgeni wao, Miles Kane, linakuja kupasua ukuta mwishoni. Sasa kile kinanda kwenye santuri yangu kinalia kama king'ora cha gari la wagonjwa lenye betri mbovu. Nikainama kuangalia mkono wa mashine, ule unaobeba sindano. Unacheza kushoto, kulia, kushoto, kulia, kila mzunguko. Nikajua nimepigwa.

Kwa wasiojua, tundu la katikati halipo katikati. Mifereji imechongwa kwenye duara lake, tundu likatobolewa pembeni kidogo, kwa hiyo santuri inazunguka kwa kuchechemea. Kila sekunde 1.8, ndiyo muda wa mzunguko mmoja kwa mwendo wa 33 na theluthi, sindano inakimbizwa halafu inacheleweshwa. Yangu nimeipima kwa rula, tundu limehama kama milimita moja. Utasema milimita ni nini? Pembeni kabisa, sentimita 14 na nusu kutoka katikati, kosa hilo linayumbisha mwendo kwa asilimia 0.7 hivi, na ngoma za Helders zinaficha. Ila nyimbo za mwisho wa kila upande zinakaa karibu na lebo, sentimita 6 hivi kutoka katikati, na huko milimita ileile inakuwa asilimia 1.7 juu na 1.7 chini. Hiyo ni kama theluthi ya nusu toni kila upande. Sikio la mtoto wa madrasa linashika!

Na ona bahati yangu: albamu yenye makelele mengi hivi, nyimbo mbili zinazohitaji utulivu ndizo zimepangwa mwisho wa pande zote mbili.

Nikawaandikia duka, kwa adabu zote, na video ya mkono unavyoyumba. Jibu la kwanza: kagua mashine yako. Nimekagua. Nimeipeleka pia kwa rafiki mwenye mashine mara tatu ya bei ya yangu, imeyumba vilevile. Santuri zake zote kwangu zimetulia. Jibu la pili: tutakubadilishia. Nikawashukuru mpaka nikaona aibu.

Ya pili ikaja kwenye bahasha ya karatasi ngumu nyembamba kama ya kadi ya harusi. Kona ya jalada imekunjwa, na mfuko wa ndani umepasuliwa na santuri yenyewe. Haya, jalada silisikilizi. Nikaweka. INAYUMBA. Kiasi kilekile. Wamenitumia pacha wake! Na hapo ndipo ilipo akili ya jambo lenyewe: bamba la chuma linalokandamiza plastiki ya moto likishatobolewa kombo, kila santuri itakayotoka kwenye bamba hilo itakuwa kombo. Unaponichukulia nyingine kwenye katoni ileile unanibadilishia nini?

Jibu la tatu ndilo lililonileta hapa. Nalitafsiri kwa ufupi: kuyumba kidogo ni tabia ya santuri, ndiyo raha yake, na ukitaka kurudisha, nauli ni juu yako, tutakata na gharama ya kushughulikia.

Raha! Baba yangu Tanga alikuwa na santuri za Mbaraka Mwinshehe zilizotolewa Nairobi, zimekwaruzwa, zimemwagiwa chai, moja ilikuwa na alama ya meno ya mdogo wangu. Zilikuwa zinakwaruza kama kukaanga dagaa. Lakini gitaa lilikaa kwenye sauti yake. Mikwaruzo ni umri. Tundu kombo ni uzembe wa kiwandani, na duka linalotaka nilipie uzembe huo halafu niuite raha linanidharau.

Na ile stika ya "gramu 180" juu ya nailoni isiwadanganye. Uzito hausogezi tundu. Umeongezewa plastiki ya kuchechemea nayo, basi.

Sasa kwa walioko Uingereza mtakaokutana na haya. Msikubali kuambiwa "wasiliana na kiwanda". Kwa Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015, mwenye jukumu ni aliyekuuzia. Una siku 30 za kukataa bidhaa mbovu na kurudishiwa hela zote, na ukiomba kubadilishiwa, saa ya hizo siku 30 inasimama mpaka upokee nyingine. Ukishabadilishiwa mara moja na ya pili nayo ni mbovu, una haki ya kuikataa moja kwa moja, na ndani ya miezi sita hawakati hata senti. Nauli ya kurudisha kitu kibovu ni yao. Nimewaandikia haya yote juzi na kutaja sheria kwa jina. Kimya. Wale waliokuwa wananijibu ndani ya saa mbili na vikaragosi vya kucheka, kimya. Ijumaa nikiwa bado sina hela yangu naenda benki kuomba malipo ya kadi yarudishwe.

Ila hela ikirudi bado sina 505, na ndiyo naomba msaada. Mwenye albamu hii, ya mwaka wowote, aweke upande wa pili, wimbo wa mwisho, aangalie mkono na asiusikilize kwanza. Ukitulia, nisomee herufi na namba zilizochongwa kwenye ile sehemu tupu karibu na lebo, nitafute chapa hiyo hiyo hata kama ni ya mtumba. Ukiyumba, nisomee pia, nijue ya kukimbia.

Na atakayeniambia "sikiliza kwa simu tu" namwomba akae kimya. Nasikiliza kwa simu sasa hivi.