Naomba ushauri: kilo nilizopunguza zinarudi

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 38, urefu sentimita 160, nauza supu na chapati Mbagala kuanzia alfajiri. Januari nilikuwa na kilo 104. Nikaacha soda, chai nikanywa bila sukari, ugali nikawa napima kwa ngumi yangu, jioni natembea dakika 40. Juni nikafika 95. Baada ya hapo mizani ikagoma, na wiki hii imesoma 98.

Nilijaribu pia kushindia maji ya ndimu. Siku ya nne nikajikuta nimekula chapati tano nimesimama palepale jikoni, hesabu nilikuja kupiga baadaye. Zahanati walinipima: sukari iko sawa, presha 142/91. Nesi akacheka, "punguza kula mama." Sijarudi tena.

Naomba kuuliza: aliyewahi kukwama hivi alibadilisha nini kwanza, chakula au mazoezi? Na nyie mnaoshinda jikoni kikazi, mnajizuiaje kuonjaonja?

Wauza dawa za kukata tumbo, inboksi yangu naomba muiache. Mbili nimeshanunua, nimeishia kuharisha tu.