Imeji ya kontena yenye Ansible imepita GB 1, naipunguzaje ifike maghalani kwa bando?

mtunza_mashine_masasi
Habari zenu wakuu. Nipo Masasi, natunza kompyuta za maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), zile zinazopokea uzito wa korosho na kutoa stakabadhi ya mkulima. Zimetawanyika Newala, Tandahimba mpaka Nanyumbu, zote ni Debian. Msimu ukifunguliwa Oktoba sitaki kubahatisha kabisa. Mtu ameshabeba magunia yake toka shambani, huwezi kumwambia arudi kesho kwa sababu printa haijasetiwa.

Nataka kila ghala liwe na kontena (boksi la programu linalowashwa kutoka kwenye kifurushi kiitwacho imeji) lenye Ansible, programu ya kuweka mipangilio sawa kote. Nimeanza na imeji ya python:3.12, nikaongeza gcc (ya kujenga programu kutoka kwenye msimbo), git (ya kutunza na kuvuta faili) na `pip install ansible`. Imeji imepita GB 1. Mwishoni nimeweka RUN (amri ya wakati wa kujenga imeji) ya kuondoa gcc na kufuta kashe, ukubwa haujashuka hata kidogo. Kule mtandao ni modemu ya simu, na bando linalipwa na chama, yaani ni hela ya wakulima. Nipunguze wapi?

dada_wa_lindi
Kaka, kufuta mwishoni hakusaidii. Kila RUN inatengeneza tabaka lake, na tabaka la chini haliguswi tena. Ulichofuta kimefichwa tu, uzito wake bado unasafiri. Piga `docker history` utauona pale pale. Safisha ndani ya RUN ileile iliyochafua, au jenga kwa hatua mbili: ya kwanza ibaki na gcc, ya pili ichukue matokeo tu kwa `COPY --from`. Docker inaweza hilo tangu toleo 17.05 la mwaka 2017.

Ila mzigo wako mwingine mkubwa ni kifurushi cha `ansible` chenyewe. Kimebeba kolekisheni (mafungu ya moduli za ziada) za Cisco, za VMware, za AWS. Ghala la korosho lina nini na VMware? Weka `ansible-core`, yaani Ansible ya msingi tu; moduli za apt, copy, template, systemd, user na cron zote zimo. Ukikosa kitu, ongeza kolekisheni hiyo moja kwa ansible-galaxy.

```
FROM alpine:3.20
RUN apk add --no-cache ansible-core git openssh-client
COPY pleibuku/ /kazi/
```

Pleibuku (faili za maagizo ya Ansible) ziache mstari wa mwisho. Ukirekebisha moja, ghala litavuta kitabaka hicho kidogo tu kutoka kwenye rejista (hifadhi ya imeji mtandaoni). Ukitumia `docker save` na flashi, imeji nzima inakwenda upya.

fundi_shangani
Naunga mkono, ila Alpine inatumia musl, siyo glibc, maktaba ya msingi ya C iliyo kwenye Debian. Siku utakayohitaji maktaba ya pip isiyo na kifurushi cha musl, itaanza kujijenga yenyewe kutoka kwenye msimbo, na `cryptography` ikilazimika kujengwa hivyo itakudai mpaka Rust. Mimi kwa kazi zenye pip nabaki na python:3.12-slim. Ni nzito kuliko Alpine lakini nalala usingizi.

mtunza_mashine_masasi
Ahsanteni sana. Pip siihitaji, niliitumia kwa ajili ya Ansible tu, kwa hiyo nakwenda na apk ya Alpine. Jambo moja: mtandao wa Nanyumbu unakatika sana, nimefikiria kila kontena liendeshe `ansible-pull`, lijivutie pleibuku toka git saa yoyote mtandao ukirudi. Mnaonaje?

dada_wa_lindi
Wazo zuri, ila kuna mtego. Ansible ikiendeshwa ndani ya kontena kwa muunganisho wa `local`, itapanga kontena lenyewe. Itakuandikia "ok" na "changed" vizuri kabisa, na printa ya ghala haijaguswa. Lianzishe kontena kwa `--network host`, kisha pleibuku iunganike na mashine kwa SSH kupitia 127.0.0.1 (anwani ya mashine yenyewe). Mashine iwe na python3. Ufunguo wa SSH usiuweke kwenye imeji hata kwa muda, maana utabaki kwenye tabaka kama ile gcc. Upachike kwa `-v` wakati wa kuwasha, tena kwa `:ro` (kusomwa tu).

Na kwa mashine ambayo haina kontena jingine lolote, mimi ningeweka `ansible-core` na git kwa apt moja kwa moja, nikaipa cron (kipanga ratiba cha Linux) kazi ya `ansible-pull`. Hapo huhitaji imeji kabisa.

mtunza_mashine_masasi
Nanyumbu hakuna kontena jingine. Kule nitaweka kwa apt. Newala kuna programu ya mizani ndani ya Docker, hiyo ndiyo nitaipa imeji ya Alpine.

fundi_shangani
Sawa mkuu. Jaribu kwenye ghala moja kwanza, printa ikiwa imewashwa.