Tupeane uzoefu: simu mkononi mwa kijana, wapi inafaa na wapi inaharibu

Mada: Ya "simu mbaya, simu nzuri" tumeyasikia. Leteni mipangilio, hatua, na panapokwama.

fundi_kimya: Kikomo cha muda kipo: Family Link kwa Android, Screen Time kwa iPhone. Kwenye iPhone weka nambari ya siri tofauti na ya kufungulia simu, la sivyo kijana anakitoa mwenyewe. Ukifunga programu ya video, kagua na kivinjari, maana video zilezile zinafunguka huko. Ila mimi naanza na arifa. Bakiza simu na ujumbe kutoka kwa watu, zima zile za "fulani amechapisha", kisha zima video kujicheza zenyewe.

mwl_namba: Faida kubwa ni somo linalorudiwa bila kumchosha mwalimu. Lakini kutazama si kujifunza. Simamisha video kabla ya jibu, fanya kwenye karatasi, ndipo ulinganishe. Akili bandia isiombwe jibu. Ipewe kazi ya kijana na iulizwe hatua gani imekosewa. Nayo hukosea kwa kujiamini kabisa, hivyo rudisha jibu kwenye mlinganyo uone kama pande mbili zinalingana.

mama_zamu: Usingizi jamani! Umri wa miaka 13 hadi 18 unahitaji saa 8 hadi 10. Chaja ikae sebuleni. Kisingizio kitakuwa alamu, basi mnunulieni saa ya mezani. Kuigeuza skrini kuwa ya njano hakutoshi, kinachomkesha ni gumzo. Na simu chini ya mto hupata joto lisilo na pa kutokea, betri ikaharibika.

sikio_zima: Hedifoni: WHO (Shirika la Afya Duniani) inashauri sauti isizidi desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 za wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Penye kelele watu hupandisha sauti. Afadhali zinazoziba sikio vizuri.

mlinzi_wa_zamu: Akitishiwa kusambaziwa picha za utupu: asilipe, maana akilipa wataomba tena. Asifute mazungumzo. Apige skrinshoti zenye jina la akaunti, aripoti, ndipo azuie. Aliye chini ya miaka 18 atumie Take It Down, huduma ya mtandaoni ya kusaidia kuondoa picha kama hizo: picha inabaki kwenye simu, inayotumwa ni alama yake ya kidijitali tu. Huduma hiyo haifiki kwenye mazungumzo yaliyosimbwa (yanayosomeka na wanaoandikiana tu), wala kwenye mitandao isiyoshiriki.