Nguo za mtumba za watoto Dar: Karume, mnadani, mtandaoni au duka la kuachiana nguo? (ulinganisho)

Mama Tunu
Habari zenu wakuu. Naomba uzoefu wa waliokwisha kufanya, si wa kusikia. Binti yangu ana mwaka na miezi miwili, na Mungu akijalia mwezi wa tisa anakuja mwingine. Huyu niliye naye anakua kama mgomba wa masika. Gauni la Idi alilivaa mara tatu, mara ya nne halikupita mabegani. Lilikuwa jipya, nililinunua Kariakoo kwa 18,000, na kabla halijambana shingo ilikuwa imeshalegea kwa kufuliwa.

Sasa nahamia mtumba. Nakaa Mbagala, nimetenga 60,000 za miezi mitatu. Njia nilizotajiwa: kudamka Karume balo zikifunguliwa, kusubiri jioni Tandika au Rangi Tatu wanapomwaga chini na kuita "jero jero", kuagiza kwa wadada wa mtandaoni wanaopiga nguo pasi kabla ya kupiga picha, na hii ya nne ndiyo ngeni kwangu: kuna dada mtaani kwetu amefungua chumba, anapokea nguo zilizowabana watoto wa watu, anaziuza, mwenye nguo anapata fungu lake. Nina kiroba kizima cha nguo zilizombana Tunu. Ipi inafaa kwa umri huu?

Mtumba Ilala
Hongera kwa ujauzito, dada. Mimi niko Karume tangu 2011, na moto wa Januari 2022 ulinikuta na kibanda pale, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Balo la kawaida ni kilo 45. Nguo za watoto ni nyepesi, hivyo balo moja linaweza kutoa vipande zaidi ya 300. Likishakatwa kamba, nguo zinapita mikono kwa zamu. Wa kwanza ni hao hao wadada wa mtandaoni na wenye maduka, wanachukua gredi ya juu kwa bei ya juu. Baada yao wanakuja wazazi. Jioni kinachobaki kinamwagwa chini kwa 500 au 1,000. Nguo ile ile niliyoisema 4,000 saa kumi na mbili asubuhi, saa nne naiachia kwa 2,000, maana kesho nina balo jingine na sina pa kuiweka.

Ila kitu ambacho wateja wengi hawakiangalii ni umri. Nguo ya mtoto wa chini ya miaka miwili haichakai, inaachwa tu. Huko ilikotoka imevaliwa wiki chache, mtoto akakua. Kwa hiyo hata mabaki ya saa nne au saa tano yana nguo nzima kabisa. Ukifika watoto wa miaka minne kwenda juu, hasa wa kiume, hesabu inageuka: magoti ya suruali yamekwisha, fulana zina madoa ya chakula, na nzima zote zimeshachukuliwa alfajiri. Kwa Tunu usijitese kudamka na tumbo hilo. Njoo saa nne jua halijawa kali. Kudamka uje udamke akianza shule.

Mama Nasra
Mimi ni mteja wa mtandaoni na sijutii, nafanya kazi mpaka saa kumi na mbili jioni, siku sita. Gauni nalipa 7,000 mpaka 10,000, limefuliwa, limenyooshwa, halina doa. Kinachouma ni bodaboda. Kipande kimoja cha 8,000 kuletewa kwa 6,000 ni hasara, kwa hiyo nasubiri nikusanye vitano au sita kwa muuzaji mmoja ndipo aniletee.

Na sharti langu ni moja: picha ya lebo na picha ya nguo ikiwa imelazwa juu ya futi kamba. Kuna muuzaji aliniandikia "miaka 3", nikalipa, nguo ikaja ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nilipomuuliza akasema namba kwenye lebo ndiyo inavyosoma. Hela haikurudi.

Fundi Pindo
Mama Nasra, hilo la lebo linawaumiza wengi, ngoja nilieleze maana nashona na kupunguza mitumba kila siku.

Lebo nyingi za Ulaya zenye 74, 80, 86, 92, 98 haziongelei umri. Ni urefu wa mtoto kwa sentimita, kisigino mpaka utosini. Namba 92 ni kama miaka miwili, 104 kama minne, 116 kama sita. Za China na Korea nazo mara nyingi ni sentimita: 90, 100, 110. Za Uingereza huandika miezi na miaka. Za Marekani utakuta 2T, 3T, 4T. Hizo zina nafasi ya nepi makalioni, ndiyo maana 3T na 3 tupu hazikai sawa mwilini. Na nguo iliyowahi kukaushwa kwenye mashine ya moto huwa imerudi, lebo inasema 92 lakini yenyewe ni 86.

Kwa hiyo umri uache nyumbani. Mama Tunu, chukua uzi mnene. Mpime Tunu kuanzia begani mpaka katikati ya miguu juu ya nepi, piga fundo. Kwenye uzi huo huo pima kiuno, fundo la pili. Kisha kiunoni mpaka kifundo cha mguu, fundo la tatu. Ongeza vidole vitatu kila kipimo ili nguo imfikishe mbele kidogo. Uzi huo unakaa kwenye pochi, na sokoni unaulaza juu ya nguo. Mtoto humbebi, na hakuna atakayekudanganya.

Halafu ukaguzi. Vuta lastiki ya kiuno karibu na sikio: ikilia kama karatasi kavu, imekufa, utaibadilisha. Inua goti la suruali ulielekeze kwenye mwanga, pakipenya nyuzinyuzi achana nayo. Bonyeza vifungo vyote vya katikati ya miguu, kimoja kimoja. Kikiwa kimoja tu hakishiki, nguo nzima inafunguka mtoto akitambaa. Shingoni angalia rangi ya manjano: ni maziwa yaliyokaa muda mrefu, hayatoki yote hata uloweke vipi.

Baba wa Wawili
Nawaambia na njia ya tano ili asije akashawishiwa. Tulichanga wazazi wanne tukanunua balo la watoto, tukijua tutagawana kwa bei ya jumla. Balo halifunguliwi kabla ya kulipa, unasoma tu karatasi ya nje. Karibu nusu yalikuwa masweta mazito, majaketi ya manyoya na suruali za sufu. Dar, mwezi wa pili! Tuliishia kuyapeleka kwa jamaa anayesafirisha Njombe na Makete, akatupa bei yake. Zilizobaki zilitutosha, lakini tuligombana kwenye kugawana mpaka mmoja akajitoa kwenye kundi.

Mtumba Ilala
Baba wa Wawili pole. Balo la baridi ndilo linaloshusha wengi. Sisi wenyewe tukilipata tunaliweka mpaka karibu na mwezi wa sita, watu wa nyanda za juu wanapoanza kutafuta.

Toi Kila Jumamosi
Salamu kutoka Nairobi. Huku mambo ni yale yale ila majina tofauti. Gikomba nguo za kwanza kutoka kwenye beli tunaziita kamera, na mwisho kabisa yale mabaki ni fagia. Mimi na watoto watatu naenda Toi, si Gikomba, kwa sababu Toi muuzaji amekwisha kuchagua. Naongeza shilingi hamsini za Kenya kwa kila nguo lakini naokoa nusu siku. Ukiwa na mimba, muda na miguu yako pia ni pesa. Hesabu na hiyo.

Mkunga Mstaafu
Binti yangu Mama Tunu, mimi niongeze machache ya afya. Nguo za ndani usinunue za mtumba hata ukizikuta zimepangwa vizuri. TBS, shirika la viwango la nchi, imezikataza na ina sababu. Nyingine zote loweka kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kumvalisha, anika juani, kisha piga pasi pande zote mbili, hasa mishono. Pasi usiiruke hata kama nguo inaonekana safi, kwani inzi wa embe hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Nimewatoa wengi.

Jingine ni kamba za kofia za majaketi. Zivute zote, uzitupe. Zinanasa kwenye misumari na vitasa, na shingo ya mtoto ni nyembamba.

Mama Nasra
Shikamoo mama. Hilo la kamba sikulijua, nimetoka kuzikata mbili sasa hivi.

Kapu la Dada
Mimi naendesha chumba kama hicho cha nne, huku Tabata, kwa hiyo chukueni maneno yangu mkijua nina maslahi.

Msingi wake ni mali kauli, ile ile ya wafanyabiashara: unaniachia nguo bila kulipwa, nikiuza nakupa chako. Kwangu mwenye nguo anapata 60 kwa mia, mimi 40. Nguo ya 5,000, wewe 3,000. Isipouzwa siku 30 nashusha bei, siku 60 unakuja kuichukua. Wengi wananipa nguo zilizonunuliwa mpya, za zawadi, zimevaliwa mara moja kwenye maulidi au ubatizo. Hapo ndipo ninapoizidi Karume: magauni ya sherehe, viatu, makoti ya mvua. Fulana za kila siku siwezi kushindana na mtu anayeuza kwa jero.

Mama Tunu, kabla hujaacha kiroba chako kwa dada wa mtaani kwenu, uliza ana daftari. Kila kipande kiandikwe na bei mliyokubaliana, wewe ubaki na nakala au upige picha ukurasa. Uliza pia nani anabeba hasara nguo ikiibwa au ikinyeshewa. Asiyekuwa na jibu la hilo, usimwachie.

Mtumba Ilala
Kapu, mimi sina ugomvi na nyie, lakini mali kauli imevunja undugu mwingi. Kwa mzazi mwenye shida ya hela leo, bora amuuzie jirani kiroba kizima kwa bei ya kutupa kuliko kusubiri siku 60 apate elfu tatu tatu.

Kapu la Dada
Kwa mwenye shida ya leo, kweli kabisa kaka. Mama Tunu hakusema ana shida ya leo.

Fundi Pindo
Mimi nashangaa hakuna aliyemuuliza kwa nini auze wakati mwingine anakuja mwezi wa tisa. Zile za miezi 0 mpaka 6 zifunge, ziweke na majani ya mwarobaini makavu. Hujui ni wa kike au wa kiume, lakini kichanga hajali rangi. Uza zile kubwa zilizomruka tu, ambazo mdogo wake atazifikia baada ya mwaka na zaidi.

Nyamirambo
Hapa Kigali mtumba tunauita caguwa, kutokana na hilo hilo neno lenu "chagua". Mwaka 2016 ushuru ulipandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na tangu hapo nguo ya mtoto ya mtumba si ya bei ya chee tena. Familia zetu zinapokezana: nguo ya mwanangu imetoka kwa binamu zake wawili, na itakwenda kwa wa tatu. Nimewasoma mkitaja jero nikatamani kupanda basi.

Mama Tunu
Nimerudi na mrejesho, na asanteni sana, hasa mama mkunga.

Jumamosi nilifika Karume saa nne na robo na uzi wangu wenye mafundo matatu. Mwuzaji wa kwanza aliniangalia nikiulaza juu ya suruali, akaacha kabisa kuniambia "hii itamtosha". Nimetoka na vipande 11 kwa 23,000: fulana tano, suruali nne, gauni moja, ovaroli moja ya jinzi. Viwili tu nilivikataa kwa lastiki kulia. Mtandaoni sijaagiza, nauli ya Mbagala inakula kila kitu. Jioni ya Rangi Tatu nilipita siku mbili. Kwa umri wa Tunu zipo nzima, lakini unachambua umeinama, na mgongo wangu kwa sasa haukubali. Nitairudia nikishajifungua.

Kuhusu kiroba, Fundi Pindo ameniokoa. Nusu nimeifunga na mwarobaini. Vipande 9 nimempelekea dada wa mtaani. Daftari analo, ila la hasara hakuwa amelifikiria. Tulikaa tukaandika pamoja kwamba kikipotea ananilipa nusu ya bei. Ametaka kuwaandikia hivyo na wengine wote.

Ile ovaroli ina lebo 86. Goti la kulia lina kiraka kilichoshonwa kwa mkono, uzi wa kijani, mishono midogo iliyonyooka kama ya mashine. Goti la kushoto halijaguswa. Nilifikiri kumpelekea fundi akibandue aweke kingine kinachofanana na kitambaa, kisha nikaacha. Tunu ameivaa leo, anatambaa akisimama kukichokoa kwa kidole.