Foniksi: mtoto wa Year 1 na darasa la Jumamosi lenye viwango vyote

Mzazi, Leicester

Habari zenu ndugu. Wakubwa, shikamooni.

Nina mambo mawili, naomba msaada. Kijana wangu yuko Year 1, darasa la watoto wa miaka mitano hadi sita, na shule imetuandikia kwamba mwezi Juni watoto watapimwa foniksi, yaani kusoma kwa kuunganisha sauti za herufi. Nyumbani tunaongea Kiswahili, Kiingereza alikianza hasa alipoingia Reception, darasa linalotangulia Year 1. Mwalimu wake anasema herufi anazijua, ila zikipangwa pamoja neno halitoki.

La pili, mimi ni mmoja wa akina mama tunaojitolea darasa la Kiswahili la Jumamosi. Tuna watoto wa miaka minne hadi minane chumba kimoja. Yupo anayesoma hadithi mwenyewe, yupo ambaye penseli bado inampa shida. Nikienda na wadogo, wakubwa wanachoka. Nikienda na wakubwa, wadogo wanaanza kukimbizana. Walimu mliomo humu, kazi mnazigawaje? Na nikimfundisha kijana kusoma Kiswahili sasa hivi, sitamvuruga kabla ya Juni?

Mwalimu wa Reception, Leeds

Marahaba dada. Nianze na Juni, maana linawanyima wazazi usingizi bure.

Kipimo hicho kilianza mwaka 2012 na ni cha England tu. Mtoto anakaa na mwalimu anayemfahamu, wao wawili, anasoma maneno 40. Maneno 20 ni ya kweli na 20 ni ya kubuni. Ya kubuni yana picha ya kiumbe cha ajabu pembeni, mtoto ajue kwamba hapo asitafute maana, asome tu sauti anazoziona. Hakuna saa ya kumkimbiza. Alama za kuvuka zimekuwa 32. Asiyezifikia anasaidiwa na anapimwa tena akiwa Year 2, na wala hazuiwi kupanda darasa.

Maneno ya kubuni mara nyingi hayawasumbui watoto wetu. Mtoto anayekutana na maneno mageni kila siku anaweza kusoma "vap" bila kusita, wakati mwenzake mwenye Kiingereza kingi analazimisha liwe neno analolijua: anaona "strom", anasema "storm". Ndiyo maana nasisitiza kila Septemba tunapopanga watoto: Kiingereza kidogo hakimfanyi mtoto awe msomaji wa chini. Apangiwe kazi kulingana na anachoweza kufanya na sauti. Je, anasikia sauti ya kwanza ya neno? Nikimtamkia sauti tatu, moja moja, anaweza kuziunganisha? Anajua herufi ipi ina sauti ipi? Maana ya maneno inahitaji kufundishwa pia, tena sana, lakini hiyo inafanywa kwa picha, kwa vitendo na kwa mazungumzo, na isigeuzwe kuwa kigezo cha kumpangia foniksi.

Sasa hilo la neno kutotoka. Kaa naye, msikilize anavyotamka konsonanti. Wengi wetu tumefundishwa kwa silabi, ba be bi bo bu, konsonanti haijawahi kusimama peke yake mdomoni mwetu. Tunawarithisha watoto hivyo hivyo. Kuna msichana darasani kwangu, anatoka nyumba ya Waswahili, nilimwekea kadi tatu: c, a, t. Akagusa ya kwanza akasema "ka". Ya pili, "a". Ya tatu, "ta". Nikamwambia haya, ziunganishe. Akajibu "kata!" huku akikatakata hewa kwa vidole viwili. Alikuwa ameunganisha vizuri kabisa, sauti alizozitoa zinatengeneza neno hilo hilo alilolisema. Uwezo wa kuunganisha alikuwa nao tangu mwanzo, kilichomkwamisha ni ile irabu iliyong'ang'ania konsonanti.

Kwa hiyo ing'oe. M iwe "mmmm", midomo imefungwa mpaka mwisho. S iwe "ssss". T, p na k zinong'onezwe: aweke kiganja mbele ya mdomo, ahisi pumzi ikigonga, koo lisitoe sauti. Anza na maneno ambayo sauti yake ya kwanza inavutika, kama "sun", "man", "fan", kwa sababu unaweza kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine bila kukata pumzi. Akizoea, ndipo umpe "pat" na "cat". Dakika chache kila siku zinamfaa kuliko saa nzima ya Jumapili.

Halafu irabu. Sisi tunazo tano. Kiingereza kina sauti kama 44 kwa herufi 26, na karibu 20 kati ya hizo ni irabu. Sikio lililozoea Kiswahili linasikia "cat", "cut" na "cart" kuwa kitu kimoja, na "ship" na "sheep" vivyo hivyo. Usianze kwa kumlazimisha kutamka. Chora picha mbili, wewe tamka, yeye aonyeshe kwa kidole. Sikio likishatofautisha, mdomo utafuata. Na usikilize lafudhi ya mwalimu wake. Huku kaskazini, na sehemu kubwa ya Midlands mliko ninyi, watu wengi wanatamka irabu ya "cup" sawa na ya "put", nayo inakaribiana na u yetu. Kusini haiko hivyo. Fuata ile anayoisikia darasani kwake, usimpe ya tatu kutoka YouTube.

Msisahau pia kwamba tuna mtaji. Sh na ch tunazo. Th ya thelathini ndiyo ya "thin", dh ya dhahabu ndiyo ya "this", na ng' ya ng'ombe ndiyo inayomalizia "ring". Watoto wengi wa Kiingereza wa umri huo bado wanasema f mahali pa th. Mtoto anayetamka thelathini vizuri mwambie hivyo, asikie kwamba kuna anachokiweza kabla ya wenzake.

Kuhusu kugawa kazi Jumamosi: msiandae masomo matatu, mtachoka mwezi wa kwanza. Andaeni sauti moja kwa darasa zima, kazi ndiyo itofautiane. Tuseme ni sh, ambayo iko katika lugha zote mbili. Wote wakae chini pamoja, mtamke, mtafute maneno yenye sauti hiyo, mkono juu ukiisikia. Hapo hata mdogo kabisa yumo. Kisha wagawanyike. Wanaoanza wanapanga picha: zenye sh huku, zisizo nayo kule, bila herufi hata moja. Wanaofuata wanapewa visanduku vilivyochorwa kwenye karatasi, vile vya Elkonin, mwanasaikolojia wa Kisovieti: kila sauti ina kisanduku chake, mtoto anasukuma kifungo kimoja kwa kila sauti anayoisikia, kisha anabadilisha vifungo kwa herufi. Hapa ndipo anapogundua kwamba sh ni herufi mbili lakini inakaa kisanduku kimoja. Wakubwa wanaandika sentensi unazowasomea, au wanawatungia wadogo maneno ya kubuni. Hiyo ya kutunga wanaipenda mno, na huwezi kutunga neno la kubuni linalosomeka kama hujaelewa sauti.

Mchezo ninaoutegemea kuliko yote ni mnyororo wa maneno, maana mmoja unatosha viwango vyote. Unabadilisha sauti moja tu kila hatua: sat, sit, sip, ship, shop, chop, chip, chin. Mwenye uwezo mdogo anahamisha kadi uliyomwonyesha. Wa kati anasikiliza neno jipya na kutafuta mwenyewe kadi ya kubadilisha. Mkubwa anaandika bila kadi, kisha anawaeleza wenzake sauti iliyobadilika ilikuwa mwanzo, katikati au mwisho. Mwanzoni ndiko kunasikika kwa urahisi, katikati ndiko kugumu. Ukiona mtoto anapatia za mwanzo na mwisho lakini katikati anabahatisha, umeshajua kazi yake ya wiki ijayo.

Rudini wote pamoja mwishoni, kila kundi lionyeshe lilichofanya.

Baba wa wawili, Glasgow

Mwalimu ahsante, lakini naomba nitofautiane nawe kidogo. Huku Scotland kipimo hicho hatuna, nashukuru. Sisi tulisoma kwa silabi na tukasoma vizuri, leo silabi zinaonekana kikwazo? Na haya makundi. Watoto wanajua meza ya chini ni ipi hata ukiiita jina la ua. Binti yangu aliwekwa huko karibu mwaka mzima kwa sababu alikuwa mkimya. Nyumbani alikuwa anamsomea mdogo wake vitabu. Nilipouliza nikaambiwa lugha bado. Hiyo iliniuma.

Mwalimu wa Reception, Leeds

Kaka, pole sana. Mtoto mkimya hapimwi kwa ukimya wake, anakaa na mtu mzima pembeni na kuulizwa yale maswali matatu niliyoyataja. Hata ambaye hajaanza kuzungumza Kiingereza anaweza kuonyesha picha kwa kidole au kusukuma vifungo, na hapo unaona sikio lake linafanya nini. Mzazi ana haki ya kuuliza: mwanangu yuko kundi hili kwa sababu ya sauti zipi asizozijua? Shule ikishindwa kuzitaja, basi haijui.

Ndiyo maana sipendi meza za kudumu. Kundi liwe la sauti fulani kwa wiki mbili tatu, kisha livunjwe. Mtoto anaweza kuwa na wadogo kwenye irabu ndefu na akawa na wakubwa kwenye kutenganisha sauti. Mchezo wa mnyororo nao nimeupendekeza kwa sababu hiyo: watoto wote wako kwenye zulia moja.

Silabi, kwa Kiswahili, ziacheni hapo hapo. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa na silabi zake nyingi zinaishia na irabu, mtoto anazishika upesi. Kwa Kiingereza haziwezekani kukaririwa, ni nyingi mno na zinabanana: "strength" nzima ni silabi moja. Huko inabidi ashuke mpaka kwenye sauti moja moja.

Dada wa Leicester, swali lako la kumvuruga. Mfundishe Kiswahili, na zungumzeni Kiswahili. Akishaelewa katika lugha moja kwamba herufi zinabeba sauti na sauti zikiunganishwa zinatoa neno, hahitaji kuelewa jambo hilo upya katika lugha ya pili. Kilichobaki ni kujifunza ni wapi herufi zinabadili sauti. I ndiyo inayosumbua zaidi: kwa Kiswahili inasomeka karibu na jina la herufi E ya Kiingereza, kwa hiyo mtoto anaona "sit" anasoma "seat". Tengenezeni kadi za Kiswahili kwenye karatasi ya rangi na za Kiingereza kwenye nyeupe, zisichanganywe kwenye kopo moja. Mtoto akishika kadi anajua yuko lugha gani kabla hajafungua mdomo.

Kwa wakubwa wenu kuna kazi nzuri sana: wapeni maneno wake, pole na mate. Wayasome kwa Kiswahili, kisha wayasome kwa Kiingereza, na waeleze e ya mwisho imefanya nini. Kwa Kiswahili inatamkwa, kwa Kiingereza imenyamaza lakini imebadilisha irabu iliyotangulia. Hiyo ni kanuni inayowatesa watoto wengi Year 1, na wenye lugha mbili wanaiona waziwazi kwa sababu wana kitu cha kulinganisha.

Mama, Milton Keynes

Mimi naongezea la vitabu tu. Shule ya wanangu inaleta viwili kila wiki. Kimoja kina sauti walizokwisha kufundishwa, hicho mtoto asome mwenyewe na usimtajie neno, mrudishe kwenye sauti. Kingine ni cha hadithi nzuri, hicho soma wewe. Kwa muda mrefu tulikuwa tunang'ang'ana na watoto wasome vyote viwili, kila jioni machozi, hadi mwalimu alipotueleza tofauti. Cha hadithi nakisoma kwa Kiingereza, halafu picha tunazizungumza kwa Kiswahili. Na maneno kama "said", "was" na "the" shule ina orodha yake, iombeni.

Mzazi, Leicester

Ahsanteni sana, nyote. Jana jioni nilimsikiliza kijana na ni kweli, kila konsonanti ina a yake. "Sun" ilikuwa "sa-a-na". Tulipovuta "ssss" na kumalizia na "nnnn" ilitoka, akaomba nyingine. "Pat" bado.

Kikao na mwalimu wake ni Alhamisi. Nitauliza sauti zipi hasa hajazishika, na nitaomba ile orodha. Kaka wa Glasgow, swali lako la kundi nalichukua pia.

Jumamosi tutaanza na sh. Kadi za rangi nitakata mimi, picha tumegawana na akina mama wenzangu. Mwenye mashine ya kufunika kadi kwa plastiki, aliyeko Leicester au jirani, naomba aniandikie pembeni, ninaweza kuifuata Ijumaa jioni.