Kambi ya Magogoni inapanuka na madalali wanapiga simu usiku: tuseme nini kwenye kikao cha mpango wa ardhi?

Binti_Hindi

Asalaam aleikum, na wakubwa zangu shikamooni.

Naandika kutoka Hindi, Lamu. Wengi mnajua kwamba Januari 2025 ulizinduliwa ujenzi wa njia mpya ya kurukia ndege pale kambi ya wanamaji ya Magogoni, ambako Wamarekani wana kambi yao iitwayo Camp Simba. Futi 10,000, yaani kilomita tatu hivi. Tangu hapo maisha yetu hayana utulivu, na sisemi juu ya kelele za ndege. Nasema juu ya ardhi.

Marehemu babu aligawiwa shamba hapa kwenye mradi wa makazi, ekari kumi. Karatasi tuliyo nayo ni ile barua ya kugawiwa, imekunjwa mara nne, bibi anaiweka ndani ya kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Jumatatu iliyopita nilikwenda kuokota korosho nikakuta jiwe la bikoni, alama ya mpaka wa shamba, chini ya mkorosho wa tatu kutoka kisimani, limepakwa rangi nyekundu na saruji yake bado inamomonyoka ukiigusa kwa kidole. Hakuna aliyebisha hodi. Hakuna aliyetuambia neno.

Usiku wa siku ile ile dalali akampigia amu simu: laki tatu kwa ekari, pesa taslimu, muamue ndani ya wiki mbili. Amu anataka tuuze. Kaka zangu wawili hawataki, wao wanasema tukope tujenge vyumba ishirini vya kupangisha kwa sababu wanajeshi wanakuja. Bibi halali.

Juu ya hayo, wanakijiji wamenichagua niwe mmoja wa watu saba watakaosema kwenye kikao cha mpango wa matumizi ya ardhi, wiki tatu kutoka sasa. Mimi ni mwalimu wa chekechea, sijui lugha ya mipango. Naomba ushauri wa dhati: tuuze au tusiuze, tujenge au tusijenge, na nikisimama pale niseme nini?

Kisima_cha_Zamani

Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza mpe bibi pole. Pili, amu asitie sahihi chochote, wala asipokee hata shilingi ya "nauli". Akishapokea, mtavutana naye miaka. Hiyo barua ina jina la nani?

Binti_Hindi

Jina la babu. Alifariki 2009 na mirathi haijafanywa.

Sorovea_Mstaafu

Nimepima mashamba Pwani miaka thelathini na moja, kwa hiyo nisikilize vizuri, binti.

Kama babu amefariki na mirathi haijafanywa, hakuna mtu katika familia yenu mwenye mamlaka ya kuuza. Amu hana, bibi hana, kaka zako hawana. Anayenunua leo ananunua ugomvi, na madalali wanalijua hilo, ndiyo maana bei iko chini na haraka iko juu. Nyinyi ni Waislamu, basi mahakama ya Kadhi ipo hapo Lamu, fungueni mirathi wiki hii. Chukueni cheti cha kifo, barua ya chifu na majina ya warithi wote, wake kwa waume. Msimsahau shangazi aliyeolewa Mombasa, maana hao ndio hurudi na kesi.

Halafu nenda ofisi ya ardhi na ile ya makazi ukiwa na namba ya ploti iliyo kwenye barua. Omba upekuzi. Unataka kujua mambo mawili tu: ploti ile imesajiliwa kwa jina la nani leo, na mipaka yake kwenye ramani inapita wapi. Kuhusu lile bikoni, usiling'oe. Kung'oa alama ya mpaka ni kosa na utawapa silaha. Lipige picha, tarehe ionekane, mwite mzee wa kijiji alione, kisha uandike barua kuuliza limewekwa na nani na kwa idhini gani. Ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule una thamani kuliko maneno yangu yote haya.

Jambo lingine ambalo watu hawalijui: shamba la kilimo haliuzwi mpaka bodi ya udhibiti wa ardhi iridhie. Mauziano bila ridhaa hiyo ni batili kisheria, na inatakiwa iombwe ndani ya miezi sita. Na kama ni serikali inaitaka ardhi yenu kwa kambi, kwa bandari au kwa barabara, haiji na dalali usiku. Inakuja kupitia Tume ya Taifa ya Ardhi, kwa tangazo kwenye Gazeti Rasmi, na fidia ni haki yenu chini ya ibara ya 40 ya Katiba. Kililana, jirani zenu, bandari ya Lamu ilipowafikia walilipwa shilingi milioni 1.5 kwa ekari. Linganisha na laki tatu.

Nanyuki_Kwetu

Dada, mimi niko Nanyuki, mji wenye kambi ya jeshi la anga la Kenya na kituo cha mafunzo cha jeshi la Uingereza. Hapa tumeishi na wanajeshi tangu babu zetu, na 2021 Waingereza walifungua kambi mpya ya Nyati iliyogharimu pauni milioni 70 hivi. Nataka kusema na kaka zako.

Mwanajeshi anayekuja kwa zamu hapangi chumba. Analala ndani ya ua, anakula ndani ya ua, maji yake yanachimbwa ndani ya ua. Anayetoka nje ana saa chache na pesa, na pesa hiyo inaishia kwenye hoteli, baa na teksi. Niliona kwa macho yangu jirani yangu akichukua mkopo wa benki akajenga ghorofa mbili akisubiri wapangaji wa kizungu. Mwisho alipangisha walimu na wauguzi kwa nusu ya kodi aliyoitegemea, na mkopo ukabaki pale pale.

Waulize kaka zako swali moja: hao Wamarekani wa Magogoni wanakuja na wake na watoto? Kama hawaji nao, vyumba ishirini ni vya nani? Wapangaji wa kweli watakuwa vibarua wa ujenzi, na siku kazi ikiisha wanaondoka. Jenga vinne. Ukiona vimejaa mwaka mzima, ongeza.

Kwenye mpango, pigania maji kabla ya kitu chochote. Sisi mito yetu inatoka Mlima Kenya na inapita kaunti tatu, Meru, Nyeri na Laikipia. Kaunti moja ikipanga peke yake, ya chini inakauka. Kilichotusaidia ni vyama vya watumiaji wa maji ambavyo watu wa juu na wa chini ya mto wanakaa meza moja. Nyinyi hamna mto, mna visima, na kisima cha pwani kikinyonywa kupita kiasi kinaingia chumvi. Kikishaingia chumvi hakuna kikao kitakachoitoa.

Na kuna jambo la mabinti zetu. Sitalieleza hapa kwa undani, ila lazima mpango wenu useme wazi ni nani atapokea malalamiko dhidi ya askari wa kigeni, ofisi yake iko wapi, na nani analipa wakili. Hapa kwetu familia zimezunguka na machozi miaka mingi kwa kukosa mlango mmoja wa kubisha.

Nahodha_Mokowe

Naheshimu yaliyosemwa ila naona mnamtisha dada. Vijana wa Mokowe hawana kazi. Njia ya ndege inagharimu dola milioni 70 hivi. Kama hata sehemu ndogo ya pesa hiyo ingeingia kwa waendesha malori, mafundi wa hapa na kina mama wanaopika, tungepumua. Nikisimama kwenye kikao hicho mimi nitadai kazi, na nitadai mafunzo ya uchomeleaji na umeme yaanze sasa, si baada ya mradi kwisha.

Lakini pia mimi ni mvuvi, na bahari yetu imekuwa ikifungwa kidogo kidogo. Leo usipite hapa kwa sababu ya bandari, kesho usipite kule kwa sababu ya kambi, usiku usitoke kwa sababu ya usalama. Baada ya shambulio la Januari 2020 pale kambini, ambapo Wamarekani watatu waliuawa, naelewa kwa nini walinzi wana wasiwasi. Ila mashua yangu ya matanga haiwezi kuzunguka mbali kila siku kutafuta samaki kama changu na tafi. Kwa hiyo ramani ya mpango isiishie ufukweni. Ionyeshe njia za mashua, sehemu za kuegesha na mikoko wanayokata watu kwa kibali. Wapangaji kutoka bara huchora nchi kavu kwa rangi, na bahari wanaiacha nyeupe kama hakuna mtu.

Sorovea_Mstaafu

Nahodha umesema kweli kabisa, na hilo lina historia mahakamani. Wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,600 walidai kuhusu bandari, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76. Mahakama ilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata, Juni 2019, kibali cha mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi kilifutwa na baraza la kitaifa la rufaa za mazingira kwa sababu hiyo hiyo ya ushirikishwaji. Kwasasi ni hapo kwenu, binti. Kwa hiyo kikao unachokwenda si cha kupigiwa makofi na soda. Hakikisha mahudhurio yanaandikwa, kumbukumbu zinasomwa kwa Kiswahili, na mnapewa nakala ya ramani kabla ya siku yenyewe, si mkiwa mmeshakaa.

Baba_Tacoma

Salaam kutoka jimbo la Washington, Marekani. Nimezaliwa Malindi, naishi Lakewood miaka kumi na nne sasa, nyumba yangu iko dakika kumi kutoka lango la kambi kubwa iitwayo Joint Base Lewis-McChord. Niruhusuni niseme wenyewe Wamarekani wanavyofanya kwao, ili dada ajue anaweza kudai nini.

Mwaka 2010 kambi mbili, ya jeshi la nchi kavu na ya anga, ziliunganishwa kuwa moja, na idadi ya askari ilikuwa imepanda sana kwa sababu ya vita. Barabara kuu ya I-5 ikasongamana, madarasa yakajaa, kodi za nyumba zikapanda. Wakagundua kwamba mji mmoja hauwezi kitu peke yake. Wakaandika mpango wa pamoja wa ukuaji, kisha 2011 ukaundwa ushirika wa kudumu ambao miji, kaunti za Pierce na Thurston, shule na kambi yenyewe wanakaa pamoja. Kambi inawaambia mapema: mwaka kesho tunaongeza watu kiasi hiki, watoto wa shule kiasi hiki. Serikali kuu ina ofisi maalumu ya kuisaidia miji inayozunguka kambi kulipia mipango ya namna hiyo. Kwa hiyo ukimwambia ofisa wa kambi "tupeni makadirio ya watu, malori, maji na ndege kwa miaka mitano", hujamvunjia heshima. Kwao ni jambo la kawaida.

La pili ni kubwa kwa familia yako. Mwisho wa njia ya ndege ya McChord, upande wetu wa Lakewood, kuna eneo ambalo halitakiwi kuwa na watu kwa sababu ndege ikikosea, inaanguka hapo. Lakini majengo ya biashara yalikuwa yameshajengwa ndani yake miaka mingi. Kuyaondoa sasa ni kazi ya miaka na mamilioni ya dola, na wenye biashara wanaumia. Dada, shamba lenu liko upande gani wa njia mpya? Kama liko pembeni, hiyo ni habari nyingine. Kama liko sawasawa na mwisho wake, kaka zako wasiweke hata tofali moja kabla hawajaona mchoro wa eneo la usalama. Na kama serikali itataka eneo hilo libaki tupu, basi ilinunue kwa bei ya haki. Isiwaachie ardhi ambayo hamruhusiwi kuitumia.

Kwetu kambi imeleta familia nyingi, shule na hospitali zikakua nazo. Yenu haileti familia, Nanyuki_Kwetu amelisema vizuri. Kwa hiyo ukuaji wenu utatoka kwenye barabara, bandari na watu wanaonunua ardhi kwa matumaini, na kwa hao hakuna kambi inayowajibika. Ndiyo maana nasema msiende kijiji kimoja kimoja. Hindi, Mokowe, Bargoni, Magogoni, Kililana, nendeni na ramani moja.

Kisima_cha_Zamani

Naongeza hapo kwa Baba Tacoma. Tusisahau kwamba 2014 Rais alitangaza kufuta ugawaji wa karibu ekari 500,000 Lamu, kwa kampuni 22. Nusu milioni, na wenye makao pale hawakuulizwa. Kila mradi mkubwa ukitajwa hapa, ardhi inahama kwanza, mradi unafuata baadaye. Wazee wa Bargoni wana kumbukumbu ya malisho na njia za ng'ombe ambazo hazipo kwenye karatasi yoyote. Waandikeni wakiwa hai.

Binti_Hindi

Sijui niwashukuruje. Nimesoma haya yote kwa sauti, bibi akisikiliza na amu pia. Amu alinyamaza muda mrefu, kisha akachukua simu akamwambia dalali asipige tena mpaka mirathi iishe. Kesho asubuhi tunavuka na mashua kwenda kwa Kadhi, na shangazi anashuka na basi kutoka Mombasa.

Jana nilikwenda kufanya upekuzi. Ploti bado iko kwa jina la babu, alhamdulillahi. Ila ramani inaonyesha bikoni halitakiwi kuwa pale mkorosho ulipo, linatakiwa kuwa hatua kama arobaini kuelekea barabarani. Nimeandika barua, imepigwa muhuri.

Baba Tacoma, shamba liko pembeni, si mwishoni, ila msikiti wetu mdogo na nyumba sita za majirani sina uhakika nazo. Jumamosi tumekubaliana watu wa vijiji vinne tukutane chini ya mwembe wa shule na karatasi kubwa, kila mmoja achore kisima chake, njia yake ya mashua, makaburi na malisho. Nahodha, utakuja? Tunahitaji mtu wa kuichora bahari.

Nahodha_Mokowe

Nitakuja na mzee wangu, yeye anazijua njia zote za mashua mpaka mkondo wa Mkanda. Leteni kalamu za rangi, sisi tutaleta samaki.

Sorovea_Mstaafu

Binti, piga picha karatasi hiyo ikikamilika unitumie hapa. Nitaiweka juu ya ramani ya ofisi bila malipo, muende kwenye kikao na vipimo.