Naomba ushauri: nyaya za zamani zimepita juu ya kiwanja changu na nasari, naruhusiwa kuzitoa mwenyewe?

Mpakani_Daima
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nipo kati ya Tororo na Malaba, upande wa Uganda. Kuna laini ya umeme ya zamani, nguzo za mikaratusi, imepita juu ya kiwanja changu na kona ya nasari. Laini mpya ilipojengwa kandokando ya barabara, nyumba zote zikahamishiwa huko, hii ikaachwa inaning'inia. Nguzo moja imeoza chini, imelalia upande wa vyoo vya watoto. Je, mtu akiamua kuziondoa mwenyewe ni kosa? Usingizi siupati.

KahawaChungu
Pole kaka. Kwanza dai fidia. Shemeji yangu huko Mbale laini ilipopita shambani alilipwa migomba, kahawa, hadi mwembe uliokuwa umeshakauka.

Mpakani_Daima
Sitaki fidia mkuu. Nataka nyaya zitoke.

KahawaChungu
Hajazaliwa asiyetaka fidia.

Mzee_wa_Jinja
Vijana hamjui umeme ulikotoka. Marehemu baba alikuwepo Jinja mwaka 1954 Malkia Elizabeth alipofungua bwawa la Owen Falls. Alisukumwa na umati mpaka akapoteza kiatu, akarudi nyumbani mguu mmoja peku na kuwasha koroboi. Kwetu umeme uliingia mimi nikiwa na wajukuu. Wewe unalalamika nyaya zimezidi!

DadaTatu
Shikamoo mzee, lakini mtoto wa watu akiangukiwa na nguzo hatakumbuka Malkia. Mtoa mada, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anajua? Na uongozi wa nasari unasemaje? Hao ndio wa kupiga kelele kwanza.

Mpakani_Daima
Mwenyekiti anajua. Shule nayo inajua.

DadaTatu
Inajua vipi? Wameandika barua?

Mpakani_Daima
Dada, nasari ni yangu.

Bodaboda_PhD
😂😂 Haya mwalimu mkuu, mwaga na iliyobaki.

Mpakani_Daima
Sikuficha, ila watu wakisikia una shule wanadhani umelalia noti. Nimechimba msingi wa madarasa mawili na laini imepita juu ya msingi kabisa. Wazazi wameshaandikisha watoto wa muhula ujao. Kuna kijana fundi atazishusha Jumapili watoto wakiwa kwao. Hela hataki nyingi, atachukua nyaya. Nimeshampa kianzio. Na umeme hakuna mle, hakuna hata nyumba moja inayochukua pale. Wangapi wamejenga chini ya laini yenye umeme wake na hakuna anayewauliza?

Sajini_Mstaafu
Nyaya si zako, kwa hiyo huwezi kumlipa mtu kwa nyaya. Sheria ya Umeme ilirekebishwa mwaka 2022, adhabu za kuharibu na kuiba vifaa vya umeme zikapandishwa sana. Kijana atakimbia, msingi utabaki na jina lako.

Jicho_Kavu
Mimi uzi huu siuamini. Mtu ametoa kianzio ndiyo anakuja kuomba ushauri? Huyu hana nasari wala msingi. Ni mnunuzi wa skrepa anataka tumfundishe laini ipi imekufa apande salama. Malaba hapo unavuka daraja uko Kenya, alumini inalala Busia.

KahawaChungu
Kumbe ndiyo maana fidia hataki!

Bodaboda_PhD
Skrepa Investment Nursery and Primary School 😂

Mpakani_Daima
Mnanivunjia heshima. Nimeweka picha hapo chini. Msingi huo, nguzo hizo, vyoo hivyo.

Goti_la_Nguzo
Nimeshusha na kupandisha laini mpaka goti likagoma. Picha nimeivuta. Tazama nguzo ya kona, ya zamani inapochomoka kwenye mpya. Juu pana fyuzi tatu. Mbili zinaning'inia, maana yake njia imekatika. Ya tatu, upande wa mparachichi, imesimama mahali pake. Waya hiyo ichukulie kuwa ina umeme, na kwa vikombe vya kushikilia nyaya ninavyoviona ni volti 11,000. Nyumba zilikuwa zinachukua chini ya transfoma, na transfoma ndiyo iliyoondolewa. Hapo juu umeme unaweza kukaa miaka bila kuwasha hata balbu.

Hata fyuzi zote zingekuwa chini, wenye kazi hupima kwanza, kisha hufunga waya wa ardhi pande zote mbili za wanapofanyia kazi, maana jenereta ya mtu huweza kurudisha umeme kwa nyuma. Halafu ile nguzo iliyooza imeshikiliwa na nyaya zenyewe. Kijana akikata upande mmoja inavutwa upande wa pili, naye yuko juu yake.

Tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji uko mikononi mwa UEDCL, shirika la serikali, na hata kabla ya hapo mali ilikuwa yao, kampuni ya Umeme ilikodishiwa tu kwa miaka 20. Piga simu ya dharura leo. Kisha peleka barua yenye namba ya nguzo, picha hii na muhuri wa LC1, nakala iende ERA, wadhibiti wa sekta ya umeme. Usiandike "nahamisha laini nijenge", utaambiwa ugharamie. Andika "laini iliyoachwa, hatari shuleni". Na ujenzi usimame.

Jicho_Kavu
Picha hata mimi naweza kupiga ya choo cha mtu. Tena wewe Goti na mtoa mada mmejiunga humu mwezi mmoja.

Goti_la_Nguzo
Sawa, mimi ni yeye. Jumapili bado ni keshokutwa.

Mpakani_Daima
Nimempigia kijana. Anasema fyuzi ya tatu anaijua, atavaa gambuti.

Goti_la_Nguzo
Gambuti za shambani??

Sajini_Mstaafu
Mungu wangu.

DadaTatu
Kaka, Jumapili funga geti, ufunguo akae nao mwenyekiti. Kianzio kisamehe. Na kuanzia kesho mtoto yeyote asiende kwenye vyoo vile mpaka nguzo ishughulikiwe.

Mpakani_Daima
Sasa wajisaidie wapi? Vingine sina.